SOMO: KUOMBA KUREKEBISHIWA KAZI HATA KAMA HUNA KARATASI YA DAKTARI

Somo letu la safari hii ni kwa wote wanaofanya kazi ya mikono na ya kichwa. Ni kwa wewe unayechimba vyoo, wewe unayefyatua matofali, wewe unayefanya pisiweki katika mashamba ya wenyeji, wewe unayeshuka ziwani Mweru pamoja na wavuvi wa Nchelenge au unayebeba magunia ya samaki sokoni Kashikishi. Ni pia kwa wewe unayepata posho kwa kusaidia shirika. Lisome polepole. Ukimaliza, umsomee jirani asiyejua kusoma.

TATIZO LENYEWE

Ninapopita nyumba kwa nyumba nasikia maneno yaleyale: "Kazi ninaiweza, lakini kuna jambo moja linanishinda. Nikilisema, kapita ataniuliza karatasi ya daktari. Karatasi sina. Basi ninanyamaza." Baada ya mwezi mmoja au miwili mtu huyo haonekani tena kazini. Wenzake wanasema ni mvivu. Mvivu hakuwa. Alikuwa na shida isiyo na karatasi, akaogopa kufungua kinywa.

Mkate wa watoto wake umepotea kwa sababu ya ukimya. Na mara nyingi kitu alichohitaji kilikuwa kidogo: kukaa badala ya kusimama, kuanza saa moja mapema kabla ya jua kali, au kupewa jembe badala ya ndoo.

KWA NINI WENGI WETU HATUNA KARATASI

Sababu zinajulikana, wala si aibu.

1. Tulikimbia. Aliyevuka mpaka usiku kutoka upande wa Pweto, Moba au Mitwaba alibeba mtoto na sufuria. Kitabu cha hospitali kilibaki nyumbani na pengine kiliungua.

2. Madaktari wakubwa wako mbali. Kliniki ya makazi inatibu malaria, kuhara, vidonda na uzazi. Mgonjwa mkubwa anapelekwa Hospitali ya St Paul's kule Kashikishi. Lakini kwa magonjwa ya akili hospitali kubwa ya nchi ni Chainama Hills, nayo iko Lusaka. Safari inataka ruhusa ya kutoka, nauli na mtu wa kukusindikiza.

3. Kuna shida ambazo hakuna mashine inayozionyesha kwa siku moja. Maumivu ya mgongo, kukosa usingizi tangu vita, kusahau, kushtuka mtu akigonga bati: mambo haya hayaonekani katika tone la damu.

4. Wengine wanaogopa jina lenyewe. Hawataki kuitwa "mtu wa kifafa" au "mwenye wazimu" mbele ya bloku nzima.

SHIDA NA JINA LA UGONJWA NI VITU VIWILI

Hapa ndipo mzizi wa somo letu ulipo. Daktari anatafuta jina la ugonjwa ili atoe dawa. Kapita hahitaji jina hilo. Yeye anahitaji kujua ni kazi gani unaiweza, ni wapi unakwama, na nini kifanyike ili kazi iendelee.

Tazama mashirika yanavyouliza. Kuna kundi la wataalamu wa takwimu chini ya Umoja wa Mataifa, lililoanzishwa mwaka 2001, linaloitwa Kundi la Washington. Walitunga maswali sita mafupi ambayo leo yanatumika katika nchi nyingi, na pia katika kazi za wakimbizi. Wanauliza kama unapata shida kuona hata ukivaa miwani; kusikia; kutembea au kupanda ngazi; kukumbuka au kutuliza mawazo; kujihudumia kama kuoga na kuvaa; na kuwasiliana na watu. Unajibu moja kati ya majibu manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, au siwezi kabisa.

Umeona? Katika maswali yote sita hakuna hata moja linalouliza, "Ugonjwa wako unaitwaje?" wala, "Karatasi iko wapi?" Wanauliza shida ilivyo katika maisha ya kila siku. Na wewe unaweza kujieleza kwa njia hiyohiyo.

SHERIA INASEMA NINI

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi wa Desemba 2006. Zambia iliuridhia mwaka 2010, na mwaka 2012 ikatunga Sheria yake ya Watu Wenye Ulemavu, namba 6. Ndani yake kuna neno kubwa: marekebisho yanayofaa. Maana yake ni kubadilisha au kupanga upya jambo fulani ili mtu mwenye ulemavu aweze kushiriki sawa na wengine, bila kumtwisha mwajiri mzigo uliopita kiasi. Shika sehemu zote mbili za maneno hayo. Una haki ya kuomba, na anayeombwa naye ana kipimo chake.

Sheria ya Kazi ya Zambia ya mwaka 2019 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu au afya yake. Na sheria hiyohiyo ina mifano mizuri ya ruhusa isiyodai karatasi ya daktari. Mwanamke aliyeajiriwa anapewa siku moja ya kutofika kazini kila mwezi. Hatakiwi kuleta karatasi, wala kueleza sababu. Wazambia wanaiita siku ya mama, ijapokuwa hata asiye na mtoto anayo. Tena mama anayenyonyesha anapewa dakika 30 mara mbili kwa siku, au saa nzima mara moja, kwa miezi sita tangu kujifungua. Kwa hiyo usiamini anayesema kwamba hakuna kitu duniani kinachotolewa bila karatasi.

Lakini tusidanganyane. Kuna mambo yanayodai karatasi. Likizo ya ugonjwa yenye malipo inataka cheti cha hospitali. Kadi ya mtu mwenye ulemavu inapatikana baada ya kupimwa. Na sheria ya kazi imeandikwa kwa ajili ya aliyeajiriwa. Wewe wa pisiweki ya siku mbili, au wa posho, usiende kwa mwenye shamba ukiishika sheria kama rungu. Nenda na maneno ya busara. Mara nyingi ndiyo yanayofungua mlango.

MAREKEBISHO NI MAMBO YA NAMNA GANI

Watu wengi wakisikia neno hili wanafikiri ni fedha au mashine kutoka ng'ambo. Soma mifano hii:

- Mwenye maumivu ya mgongo: kujaza ndoo nusu na kwenda safari nyingi zaidi, au kubadilishana na mwenzake, yeye apange matofali, mwenzake abebe.

- Asiyesikia vizuri: kapita amwite kwa mkono, asimame mbele yake anapotoa maagizo, naye arudie kwa sauti alichoambiwa.

- Macho dhaifu: asipewe kuandika majina jioni, apewe kuhesabu au kugawa vifaa mchana.

- Anayesahau: aandikiwe kazi za siku katika kipande cha karatasi, au apewe mwenzake wa kukumbushana.

- Asiyelala usiku kwa ajili ya mawazo ya vita: apewe zamu ya saa nne badala ya saa kumi na mbili, na atoke jioni zaidi.

- Anayeshtuka kwa kishindo: afanye kazi mbali na wapigaji wa mabati, au aambiwe kabla hawajaanza.

- Mama anayehitaji choo mara kwa mara: apewe sehemu ya kazi iliyo karibu na choo, bila kuulizwa kila anaponyanyuka.

Hesabu mwenyewe gharama ya mambo hayo. Karibu yote hayagharimu hata kwacha moja.

USHUHUDA WANGU

Mimi ninayeandika sikio langu la kushoto halisikii tangu nilipougua homa kali utotoni. Hakuna daktari aliyelipima hata siku moja. Mpaka leo silijui jina la ugonjwa wangu.

Nilipokuwa shule ya sekondari kule Kongo nililificha jambo hilo. Mwalimu aliponiita akiwa upande wa kushoto sikuitika. Alidhani ni kiburi. Siku moja akanitoa nje, na mtihani ukafanyika bila mimi. Nilikasirika, nikamsema vibaya kwa wanafunzi wenzangu, lakini yeye mwenyewe sikumwambia neno. Ni rafiki yangu wa benchi aliyeniuliza, "Atajuaje kama hujamwambia?"

Kesho yake nilikwenda mapema. Nilimwambia, "Mwalimu, sikio la kushoto halisikii. Ninaomba kukaa mbele, kando ya ukuta wa kushoto, ili sauti zote zije upande wa kulia." Hakuniomba karatasi. Alinyoosha kidole, akasema, "Kaa pale." Mambo ya mwaka mzima yalimalizika katika dakika moja. Mtihani ule, hata hivyo, haukurudi. Ndiyo maana ninakuandikia: usingoje mpaka hasara iingie.

HATUA SITA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Jichunguze kwa wiki moja. Chukua daftari, au mwombe mtoto anayesoma akuandikie. Andika siku, saa, kazi uliyokuwa unafanya na kilichotokea. Mfano: "Jumanne, saa tano, nikibeba maji, mguu umekufa ganzi, nimekaa nusu saa." Baada ya wiki utaona shida inakuja wakati gani. Daftari hili si cheti cha daktari, lakini ni ushahidi wako, na siku ukifika kliniki litamsaidia mganga pia.

Hatua ya 2: Tafuta unachotaka kabla ya kwenda. Aliyekwenda na malalamiko peke yake anamwachia kapita kazi ya kufikiri, na kapita mwenye haraka atachagua njia fupi: kukuondoa. Nenda na ombi moja au mawili yanayowezekana.

Hatua ya 3: Ongea na mwenzako wa kazi kama ombi linamgusa. Ukitaka kubadilishana naye, akubali kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkienda mkiwa mmekubaliana, kapita hana sababu ya kusema wengine watanung'unika.

Hatua ya 4: Chagua wakati na mahali. Usimkabili kapita mbele ya watu wote, wala wakati lori la mchanga linashushwa. Mwombe dakika tano asubuhi kabla ya kazi au jioni baada yake. Kama unaona haya, nenda na mtu unayemwamini: kiongozi wa bloku, mzee wa kanisa au mhamasishaji wa jamii. Kama bwana kazi ni mwenyeji, msalimie kwa lugha yake. "Mwashibukeni mukwai" linafungua uso wa mtu, na "njafweniko, mukwai" ni njia ya heshima ya kuomba msaada.

Hatua ya 5: Sema mambo manne, kwa utaratibu huu. Kwanza, kazi unayoiweza. Pili, mahali unapokwama. Tatu, unachoomba. Nne, muda wa kujaribu. Muda wa kujaribu ni muhimu sana. Mtu anaogopa kuahidi jambo la siku zote, lakini wiki mbili hazimtishi.

Hatua ya 6: Andika mlichokubaliana. Tarehe, maneno, na jina la aliyekuwepo. Wiki mbili zikiisha, rudi kwake umshukuru na muangalie pamoja kama kazi imekwenda vizuri.

MAZUNGUMZO YA MFANO

Tuseme mama mmoja anapika kwa posho katika jiko la watoto. Anasimama mbele ya moto tangu asubuhi, na miguu inavimba.

Mama: Jambo, baba kapita. Ninaomba dakika tano.

Kapita: Jambo, mama. Sema.

Mama: Kazi ya jiko ninaipenda na ninaiweza. Sijachelewa hata siku moja. Lakini nikisimama zaidi ya saa mbili, miguu inavimba, na jana nilikaribia kuanguka na sufuria ya uji.

Kapita: Ni ugonjwa gani huo?

Mama: Jina lake sijalijua bado, nitakwenda kliniki. Lakini shida ninaijua. Ninaomba kuchambua maharagwe na kukata sombe nikiwa nimekaa, kisha nisimame wakati wa kugawa. Mama mwenzangu amekubali kukoroga sufuria.

Kapita: Una karatasi?

Mama: Karatasi sina leo. Ninayo daftari yangu ya wiki, na wenzangu wameona. Tujaribu wiki mbili, baba. Chakula kikichelewa, utaniambia.

Kapita: Haya. Wiki mbili, tutaona.

Angalia alivyofanya. Hakudanganya kwamba anajua ugonjwa. Hakujidhalilisha, wala hakutisha. Alimwonyesha kapita hasara inayoweza kutokea: sufuria ya uji kumwagika. Tena alileta jibu, hakuleta tatizo tupu.

MAMBO USIYOLAZIMIKA KUSEMA

Huna lazima kusimulia yaliyokupata njiani wakati wa vita. Huna lazima kuonyesha kovu. Huna lazima kutaja dawa unazomeza wala jibu la kipimo chochote cha damu. Ukiulizwa zaidi ya inavyohitajika kwa kazi, jibu kwa upole: "Mambo hayo ninazungumza na mganga. Kwa upande wa kazi, ninachohitaji ni hiki."

Lakini kuna jambo moja usilifiche: hatari. Kama shida yako inaweza kukuua au kumuumiza mwenzako, kapita lazima ajue sehemu hiyo. Hapo ndipo tunapofika kwenye kifafa.

MFANO MZITO: ANAYEANGUKA NA KAZI YA ZIWA

Tuseme kuna kijana anayekwenda kuvua chisense. Samaki hawa wadogo wanavuliwa usiku kwa taa. Mara mbili mwaka huu ameanguka nyumbani, mwili ukatetemeka, akaamka bila kukumbuka kitu. Hajapimwa. Anasema, "Nikiwaambia wenye mtumbwi, watanifukuza. Afadhali niende nikimwomba Mungu."

Ndugu yangu, hapana. Mtu akianguka katika mtumbwi usiku, hata anayejua kuogelea hatajiokoa, na wenzake wanaweza kupinduka pamoja naye wakijaribu kumshika. Hapa usingoje karatasi kutoka kokote. Leo hii omba kazi ya nchi kavu: kuanika chisense, kushona nyavu, kutengeneza taa, kuhesabu mabeseni. Kazi hizo zipo na wavuvi wanazihitaji. Sema hivi: "Mara mbili nimeanguka na kupoteza fahamu. Kwenye maji ninaweza kutuua sote. Pwani ninaweza kufanya kazi siku nzima." Mwenye mtumbwi mwenye akili atakushukuru. Inawezekana malipo yatapungua. Ni kweli na inauma. Lakini linganisha hasara hiyo na matanga.

Na bado uende kliniki. Kifafa mara nyingi kinatambuliwa kwa maelezo ya aliyeona mtu akianguka, kwa hiyo nenda na shahidi huyo. Dawa zipo, na Shirika la Afya Duniani linasema watu hadi 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Usiache dawa ghafla kwa sababu umejisikia nafuu. Kila mwaka uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Tumia miezi hiyo kufuata matibabu kama hukupata nafasi kabla.

Na ninyi wenzake, sikilizeni. Kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa haliambukizi. Akianguka, msimkimbie. Mwondoeni karibu na moto na maji, mlazeni kwa ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko kinywani, msimkandamize. Ikipita dakika tano bila kutulia, mpelekeni kliniki mara moja.

UKIKATALIWA

Kukataliwa mara moja si mwisho. Fanya hivi:

1. Uliza kwa utulivu, "Ni sehemu gani haiwezekani?" Pengine anakataa muda, si kazi. Pengine hataki wiki mbili lakini atakubali siku tatu.

2. Uliza yeye anaona njia gani. Kapita anayejua kazi yake anaweza kuwa na wazo zuri kuliko lako.

3. Kama kazi ni ya shirika, panda ngazi: msimamizi wa kapita, kisha dawati la ulinzi au sanduku la malalamiko. Chukua daftari lako. Sema tarehe na maneno, acha matusi nyumbani.

4. Kama ni pisiweki ya mtu binafsi na hataki, mshukuru na utafute kwingine. Omba ulipwe siku ulizokwisha kufanya.

Kuna jambo la kusema waziwazi. Kama mtu yeyote anakuambia atakupa kazi nyepesi ukimpa fedha, au ukikubali kulala naye, huyo hatoi marekebisho. Anatenda kosa kubwa. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza kabisa kubadilisha kazi au msaada kwa tendo la ngono. Mwambie mtu wa ulinzi unayemwamini. Aibu si yako.

NENO KWA KAPITA NA WAKUBWA WA KAZI

Baba, mama, unayeongoza watu: mtu akija kwako na ombi la namna hii amekuja kwa sababu anataka kubaki kazini. Mvivu hasumbuki kuomba, anakimbia tu. Usianze na swali la karatasi. Anza na maswali haya: Ni kazi gani inakwenda vizuri? Inakwama wapi? Tukibadilisha nini itakwenda? Kisha jaribu kwa muda, uangalie matokeo.

Utasema, "Nikimpa huyu, wote watataka." Uzoefu wangu ni kwamba wengi hawataki kuonekana dhaifu, ndiyo maana wananyamaza. Na kama watatu wakiomba kivuli saa saba mchana, pengine kivuli ndicho kilichokosekana kwa wote. Siri uliyopewa usiipeleke kwenye kilabu. Mtu mmoja akisikia umetangaza shida yake, wa pili hatakuja tena, mpaka siku atakapoanguka shimoni.

Lakini nawe una haki ya kusema hapana kwa jambo lisilowezekana. Eleza sababu, na utafute jingine.

USIACHE KLINIKI

Mtu asisome somo hili akasema, "Basi hospitali haina kazi." Marekebisho yanakusaidia kubaki kazini wakati unatafuta jina la ugonjwa. Hayaponyi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Pengine uchovu wako ni malaria ya kurudiarudia au upungufu wa damu, navyo vina dawa. Wako akina mama ambao tangu uzazi mgumu, au tangu kutendewa ukatili, mkojo unawatoka bila kujizuia, na wamejifungia nyumbani. Hali hiyo inaweza kuwa fistula, nayo mara nyingi inaweza kutengenezwa kwa operesheni. Asiyelala kwa mawazo naye anaweza kusaidiwa. Tangu mwaka 2019 Zambia ina sheria mpya ya afya ya akili, iliyofuta ile ya zamani ya mwaka 1949. Ukifika kliniki na ukatibiwa, omba waandike katika kitabu chako tarehe na walichoona. Kesho karatasi hiyo ndogo itakufaa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA BLOKU

1. Katika kazi yako, ni jambo gani dogo likibadilishwa mtu mwenye maumivu ya mgongo angeweza kuifanya?

2. Kwa nini watu wetu wanaogopa kusema shida zao? Ni maneno gani tunayotumia sisi majirani yanayowafunga kinywa?

3. Jaribuni mazungumzo: mmoja awe kapita, mwingine mfanyakazi asiyesikia vizuri. Aseme mambo manne kwa utaratibu. Kisha badilishaneni.

4. Katika bloku yenu yuko nani aliyeacha kazi tukamwita mvivu? Ni nani kati yenu atakwenda kumtembelea wiki hii?

Ndugu msomaji, swali la nne ndilo nakuachia. Mtu huyo pengine amekaa mlangoni kwake sasa hivi, anasikia wenzake wakipita kwenda kazini. Mpelekee karatasi hii. Kama hana macho ya kuisoma, msomee. Kama anataka mtu wa kumsindikiza kwa kapita, njoo kwenye kibanda cha wahamasishaji utuambie. Tutakwenda pamoja naye.